Mikono Mifukoni

Sechelela, ulisema nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa.
Basi kaa kitako.

Tovuti yako nimeipitia juzi usiku, hapa Chang'ombe,
kwa simu ya mpwa wangu yenye ufa kona hadi kona,
bando la elfu moja, upepo unatikisa bati,
na picha ya kwanza ilifunguka chai imeshachemka.
Mhariri wa Dar hatachemsha chai.
Ipunguze uzito.

Tena ni yule simba mwenye mabawa,
nyuma yake anga la zambarau.
Umempaka vizuri, sikatai.
Ila nimeshamwona kwenye madaftari, kwenye fulana,
nyuma ya malori yaendayo Singida,
na sijawahi kusikia mtu akiuliza nani kamchora.

Picha arobaini na saba! Nimehesabu.
Umeanika kama mtu anayehama nyumba,
vyombo vyote nje, hata sufuria lililotoboka.
Chagua kumi na mbili.
Zikikushinda, kumi.

Mbuzi wa mnadani, hao unawajua.
Yule wa kushoto ameelemea miguu ya nyuma,
yuko karibu kukojoa, na mnunuzi hana habari.
Nilicheka peke yangu mpaka mpwa akaamka.
Na vumbi umelipata:
wengine hulipaka wekundu wa kalenda,
wewe umeweka lile la Agosti, rangi ya unga wa uwele,
lile la kusaga kwa meno.

Sasa neno gumu.
Watu wako hawana mikono.
Muuza zabibu, mikono nyuma ya kapu.
Mwalimu, mikono mgongoni.
Mtoto wa Hombolo, mikono mifukoni,
na kaptula yenyewe haina mifuko.
Picha ishirini, sijaona kidole.
Nikaandika: unakwepa.
Nikaongeza: uvivu.
Halafu nikanyanyua macho,
ukutani nikauona ubao wangu wa saluni, wa mwaka tisini na nane:
vichwa sita vya wanaume,
shuka jeupe shingoni, chini yake kilima.

Ulikuja kwangu na miaka kumi na minne,
kopo la rangi mkononi, ukauliza,
"Fundi, mikono yao iko wapi?"
Nikakujibu, "Mteja analipia nywele."

Nilikuwa siiwezi mikono, Sechelela.
Nimeificha chini ya shuka miaka yote,
kisha nikakurithisha shuka.

Teremka hadi chini kabisa,
pita nembo za maduka, pita kadi za harusi.
Kuna penseli tupu, haina hata jina:
mama yako anapepeta uwele.
Kidole gumba cha kulia kimejipinda juu ya ukingo wa ungo,
ukucha umepasuka,
na makapi yanarukia kule kule
yanakorukia kila mwaka.
Uliificha kwa nini?
Kwa kuwa haina rangi? Kwa kuwa ni mama?
Ipandishe, iwe ya kwanza.
Anayechapa vitabu vya watoto anatafuta mtu
anayejua gumba linafanya kazi gani.

Mengine madogo.
Pale ulipojieleza, umesema una shauku isiyo na kikomo.
Nani hana?
Andika umezaliwa Mvumi, unachora watu wakiwa kazini,
na kazi unaimaliza kwa wakati.
Kama huimalizi, usiandike.

Jana nimejaribu mkono wangu wa kushoto
nyuma ya risiti ya saruji.
Umetoka kama tangawizi.
Nitarudia Alhamisi; ukipita, niletee penseli laini.

Na namba ya simu ibadilishe.
Nilipiga nikuambie haya yote kwa mdomo,
akapokea mwanamume wa Manyoni, muuza vitunguu.
Alinisikiliza hadi mwisho.
Amesema hata yeye angeanza na ile ya mama.